Kirago, Mtumba na Sanduku: Kufungasha na Kuhama Nyumba katika Historia ya Msamiati wa Kiswahili

Wanaakiolojia waliochimba miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki wamefukua vigae kwa maelfu. Neville Chittick huko Kilwa Kisiwani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, walipata vipande vya vyungu vilivyofinyangwa papo hapo, mabakuli ya kauri kutoka China na Uajemi, shanga na vipande vya kioo. Kwa vitu hivyo tarehe za miji hiyo zimepangwa na biashara yake imeelezwa. Lakini kigae ni kitu kilichovunjika kikaachwa. Vyombo vilivyokuwa vizima vilifungwa vikaondoka na wenyewe walipohama, na vitu vilivyotumika kuvifungia, yaani mikeka, makanda, majamvi, kamba za usumba na vitambaa, vilioza zamani. Udongo wa pwani, pamoja na ukarimu wake wote kwa mwanaakiolojia, haukuhifadhi hata furushi moja.

Anayetaka kujua jinsi Waswahili wa karne zilizopita walivyofungasha na kuhamisha nyumba hana budi kutafuta ushahidi wake kwingine, na ushahidi mkubwa uliopo ni wa maneno. Mkeka umeoza lakini jina lake lingali linatumika, mara nyingi likiwa na maana ambayo mshona mkeka asingeitambua. Mhadhara huu unafuatilia baadhi ya maneno hayo. Dai lake ni kwamba katika maisha ya pwani na ya njia za misafara, chombo cha kuhifadhia na chombo cha kusafirishia kilikuwa kitu kimoja, na kwamba vitu hivyo vilipotenganishwa katika karne ya 20, kuhama kulikuwa kugumu zaidi na maneno yenyewe yakabaki bila makao, yakahamia kwingine.

Hama, gura, hajiri

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kuondoka mahali pa kukaa, navyo havilingani. Kuhajiri, kutoka Kiarabu, ni kuiacha nchi, na neno hilo lina uzito wa dini na wa umbali. Kugura ni neno la lahaja za kaskazini, na maana yake ya asili ni kuondoka katika makazi. Magazeti ya Kenya yamelipa kazi mpya, kwani mwanasiasa hugura chama, na huenda wasomaji vijana wa Nairobi wasijue kwamba neno hilo liliwahi kuhusu nyumba, vyungu na vitanda. Kuhama ndilo neno la wote.

Uzuri wa kitenzi hama umo katika minyambuliko yake. Ahamaye ndiye aamuaye, na nyumba ni yake. Ahamiaye huangalia mbele, kule aendako. Ahamishaye ana kitu au mtu mikononi mwake. Katika umbo hamishwa, anayetenda hutoweka kabisa, na yule aliyekuwa mwenye nyumba huwa ndiye mzigo. Mtumishi wa umma Tanzania husema amehamishwa, na barua yake huitwa ya uhamisho, hata pale ambapo mwenyewe ndiye aliyeomba. Sarufi hukumbuka ni nani aliyeamua. Jambo hili litarudiwa hapa chini, kwa kuwa lina uhusiano wa moja kwa moja na muda wa kufungasha.

Kufungasha nako ni kitenzi cha kustahili uangalifu. Kwa umbo ni kauli ya kusababisha ya funga, lakini hakuna anayefungasha mlango wala kifungo cha shati. Hufungashwa vitu vingi kwa pamoja, na hufungashwa kwa ajili ya kwenda. Katika mghahawa mteja asemaye “nifungie” hutaka chakula chake kimoja tu. Afungashaye ana nyumba nzima mbele yake. Tofauti hiyo ndogo yatosha kuonyesha kwamba lugha iliuona ufungashaji kuwa kazi mahususi yenye jina lake.

Mzigo wa mtu mmoja

Katika karne ya 19 bidhaa na vyombo vya nyumbani vilivyokwenda bara kutoka Bagamoyo, Saadani au Pangani vilikwenda vichwani na mabegani mwa watu. Mbung'o waliwaua punda na ng'ombe katika sehemu kubwa ya njia hizo, na gari la kukokotwa halikuwa na barabara ya kupita. Kipimo cha kila kitu kikawa nguvu ya mpagazi mmoja. Frasila moja ilikuwa takriban ratili 35, karibu kilo 16, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, mbali na chakula chake, chungu chake na kitu chake cha kulalia. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871, shehena yake ilikuwa ya tani sita hivi, na kila ratili ya tani hizo ililazimika kugawanywa katika mafungu ambayo mtu mmoja angeweza kuyainua asubuhi na kuyatua jioni kwa miezi mingi.

Hapo ndipo mtumba ulipozaliwa. Mtumba wa karne ya 19 ulikuwa mzigo wa nguo, nyingi zikiwa merikani na kaniki, uliokunjwa, ukabanwa na kufungwa kwa kamba ukawa kama mto mrefu. Richard Burton, aliyepita njia ya Tabora na Ujiji kati ya 1857 na 1859, aliueleza kuwa na urefu wa futi tano hivi, ukiwa umezungushiwa vijiti ili usichanike wala kupinda. Ulikuwa kazi ya ustadi. Uliolegea uliyumba begani na kumchosha mchukuzi. Uliofungwa vizuri ungeweza kuegemezwa mtini ukisimama wima, ili mchukuzi auchukue tena bila kuinama hadi chini. Mizigo isiyokubali umbo hilo ilikuwa na njia zake. Vitu vidogo viligawanywa katika mafungu mawili na kutundikwa kwenye ncha za mti, nao huo ni mzega, au mzegazega. Kichwani palitangulia ngata, duara la majani au kitambaa, inayotawanya uzito na kuuzuia mzigo kuteleza. Hakuna kifaa cha kufungashia kilicho rahisi kuliko ngata, wala kilichodumu kuliko hicho.

Mtumba uliwekewa viwango na wafanyabiashara. Kirago kilikuwa cha mpagazi mwenyewe. Kilikuwa kipande cha mkeka mgumu wa majani au matete, ambacho usiku kilikuwa kitanda na mchana kilikunjwa na kuwa ganda la vitu vyake vyote. Aliyelala juu yake jioni alikizungushia akiba yake asubuhi. Kwa hiyo kufunga virago kulikuwa tendo la kwanza la kila siku ya safari, na neno virago lenyewe likaanza kumaanisha kambi nzima. Leo mtu akisema kwamba fulani amefungasha virago, humaanisha kwamba amefukuzwa, ameshindwa au ameondoka kwa aibu. Wanahabari wa michezo huitumia nahau hiyo kila timu inapotolewa mashindanoni. Kwa mpagazi wa Kinyamwezi kufunga virago hakukuwa na aibu yoyote. Alifunga kwa sababu palikuwa pamekucha na safari iliendelea. Aibu imeongezwa na watu wa mijini, ambao kwao anayeondoka na vitu vyake vyote begani lazima awe ameshindwa na jambo.

Mfumo huu ulivunjwa na reli. Njia ya Uganda ilifika ufukweni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901, na Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Kipimo cha mzigo kikaacha kuwa bega la mtu na kuwa behewa. Vita vya Kwanza vya Dunia viliwarudisha watu kwenye uchukuzi kwa nguvu, na jina la kikosi cha wachukuzi cha Waingereza lingalipo katika Kariakoo ya Dar es Salaam na mwenzake wa Nairobi. Anayenunua kamba na mifuko Kariakoo leo kwa ajili ya kuhama Sinza kwenda Mbagala hununua mahali palipoitwa kwa jina la wachukuzi.

Mtumba nao haukufa. Serikali ya Tanzania ilipolegeza masharti ya uagizaji wa bidhaa katikati ya miaka ya 1980, nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani ziliingia kwa wingi zikiwa zimebanwa katika marobota. Watu walioliona robota hilo, gumu, lililofungwa kwa mikanda na kujaa nguo, walilipa jina ambalo lugha ilikuwa nalo tayari. Kisha jina likatoka katika robota na kuingia katika nguo, hata shati moja likawa la mtumba, na baadaye gari. Waliosema kwamba mitumba ni neno la mitaani la miaka ya 1980 hawakufungua kamusi za zamani.

Kidaka, susu na sanduku

Ndani ya nyumba hali ilikuwa tofauti kati ya nyumba ya mawe na nyumba ya udongo, na tofauti hiyo ilionekana siku ya kuhama. Katika nyumba za mawe za Lamu, ambazo Usam Ghaidan alizichunguza katika kitabu chake cha mwaka 1975, mahali pa kuweka vitu palichongwa ukutani. Zidaka, safu kwa safu, zilibeba kauri, vitabu na vitu vya fahari. Kidaka hakihami. Familia iliyoondoka iliacha nyuma mahali pa kuwekea na kubeba vilivyowekwa tu, na nyumba iliyohamiwa ilikuwa tayari imewatayarishia mpangilio wake. Katika nyumba ya udongo na makuti ukuta haukuruhusu hayo. Vitu vilikwenda juu, kwenye uchaga na darini, au vilitundikwa katika susu, kikapu au wavu unaoning'inia kwenye boriti, mbali na panya, mchwa na unyevu wa sakafu. Siku ya kuhama susu hushushwa ikiwa na vitu vyake ndani yake. Kilichokuwa rafu asubuhi ni mzigo adhuhuri. Kwa jambo hili nyumba ya maskini ilikuwa na akili kuliko ya tajiri.

Kitanda cha kamba kilifuata mantiki hiyohiyo. Matendegu yake manne yana matundu, na mifumbati ya ubavuni pamoja na vitakizo vya kichwani na miguuni huingia humo bila msumari. Kamba ikilegezwa, kitanda kizima huwa mafungu mawili ya miti na tita moja la kamba, na huweza kupita katika mlango wowote. Seremala aliyekitengeneza alijua kwamba wapangaji huhama.

Sanduku ndilo lililoheshimiwa kuliko vyote. Neno ni la Kiarabu, lakini kitu chenyewe kilikuja kwa bahari kutoka pande nyingi. Makasha ya msaji yaliyopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, ambayo watalii huyaita masanduku ya Kizanzibari, mengi yalitoka magharibi ya Bara Hindi; Sheila Unwin aliyafuatilia kwa undani katika kitabu alichokichapisha mwaka 2006. Pembeni mwake lina mikono ya kubebea; ndani yake lina kijisanduku chenye kifuniko na, mara nyingi, droo za siri; chini yake huwekwa miguu ya kuondoleka ili ubao usiguse sakafu. Kila sehemu ina kazi nyumbani na kazi safarini. Nguo ziliwekwa humo zikiwa zimefukizwa udi na kuchanganywa na karafuu au kafuri, ili wadudu wasizisogelee. Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait hadi Zanzibar na Rufiji mwaka 1939, aliona kwamba mabaharia walikuwa na masanduku yao ya binafsi, na humo mlikuwa mavazi pamoja na biashara yao ndogo.

Bandarini mabaharia wa Kireno walikuwa wameacha majina yao mawili: kasha, la ukubwa wa kubebwa na watu, na bweta, la vito, hati na vitu vya thamani. Leso pia ni yao. Leso ilivaliwa, ikafunika mtoto, ikatandikwa, na ilipohitajika ikafungwa pembe kwa pembe na kuwa furushi. Bahasha ya kamusi za karne ya 19 ni mfuko wa kitambaa wenye kifuniko cha pembe tatu, uliotumika kuwekea vitabu. Leo ni karatasi ya barua, na mtoto wa shule akiambiwa kwamba bahasha iliwahi kushonwa kwa sindano hudhani anataniwa.

Bahari ilirahisisha mengi. Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Emily Ruete, anasimulia katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi yeye na mama yake walivyohama kutoka kasri la Mtoni kwenda Bet il Watoro mjini Unguja, kwa mashua. Kwa njia hiyo ya maji, uzito uliomshinda mpagazi haukuwa na maana. Kiswahili kilitumia neno moja, chombo, kwa jahazi na kwa sufuria. Vyombo vilipakiwa chomboni, na hakuna aliyechanganyikiwa.

Sanduku lilikuwa pia hati ya umiliki. Bwana harusi alipeleka sanduku la nguo kwa bibi harusi, na vilivyokuwamo vilikuwa vya mke. Vyombo alivyokuja navyo kutoka kwao vilibaki kuwa vyake, na ndoa ilipovunjika alitoka navyo. Mwanamke aliyejua vitu vyake viko wapi, vingapi, na vimekunjwa vipi, alikuwa na ushahidi ambao hakuna kadhi angeupuuza kwa urahisi. Kufungasha kwa mpangilio kulikuwa kujihami. Jambo hili halimo katika maelezo ya sanduku katika kamusi, na si ajabu, kwa sababu watunzi wa kamusi hizo, wamisionari na maofisa kwa sehemu kubwa, waliliona sanduku sebuleni na bandarini. Walichokosa ni kile kilichosemwa juu yake chumbani. Katika miji ya pwani leo bwana harusi hupeleka begi, na sheria ya nani ni mwenye vilivyomo imebaki ileile.

Wakati huohuo neno sanduku lilichukuliwa na dola. Posta ililichukua kwanza, na baadaye uchaguzi. Mtanzania wa leo hukutana na neno hili mara nyingi zaidi katika anwani na siku ya kura kuliko chumbani kwake.

Kabati, ghala na amri ya kuhama

Kabati lilikuja na Waingereza, kwa jina na kwa umbo, na almari ilitangulia kupitia Wareno na Wahindi. Hizi ni samani za watu wasiotarajia kuhama. Kabati la vyombo, lenye vioo na vikombe vya wageni, halibebwi na vitu ndani yake. Lazima limwagwe, kila kikombe kifungwe peke yake, kisha kabati lenyewe litafutiwe watu wanne na mlango mpana. Nyumba ambayo zamani ilihamishwa kwa kushusha, kukunja na kufunga, sasa ilihitaji vitu vya tatu, visivyo vya kuhifadhia wala vya kutumia: boksi, magazeti ya kufungia glasi, utepe wa gundi, lori. Maneno hayo yote ni mapya, na upya wake ndio unaoeleza historia. Wajanja wa mjini waligundua tena kanuni ya zamani bila kufundishwa. Sufuria huingizwa moja ndani ya nyingine, glasi huzungushiwa kanga, mchele hubebwa ndani ya ndoo yenye kifuniko, na godoro hufungwa kwa kamba likiwa limezungushiwa mashuka.

Kwa mkulima tatizo halikuwa kabati. Lilikuwa ghala. Neno hili lilitoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mazao yenyewe, kisha likawa mahali pa kuyawekea. Kihenge, ghala dogo la fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, hukaa mahali kilipojengwa. Nafaka yake huweza kuhama tu ikitiwa maguniani, na hilo huhitaji magunia, mikono na siku kadhaa.

Siku hizo hazikuwapo kwa wengi katika Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Hadi 1977 serikali ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 katika vijiji vilivyosajiliwa. Wapo waliohama umbali wa kutembea, na wapo waliokwenda kwa hiari kwa kutarajia shule, maji na zahanati, ambavyo baadhi yao walivipata. Lakini katika maeneo mengi malori ya serikali na ya jeshi yalifika kwa tarehe iliyopangwa wilayani, nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili watu wasirudi, na familia ziliteremshwa mahali palipokuwa na alama za viwanja na pasipokuwa na paa. Nafaka iliyobaki vihengeni, kuku waliokimbia, mawe ya kusagia yaliyoonekana mazito mno, mabati yaliyopinda kwa kung'olewa kwa haraka: hasara za aina hiyo haziingii katika takwimu za uzalishaji, ingawa upungufu mkubwa wa chakula wa 1974 na 1975, ambao ukame ulichangia sana, uliwakuta watu wengi wakiwa mbali na akiba zao.

Mtaalamu wa lugha huona jambo moja zaidi. Katika masimulizi ya watu wa kipindi hicho kitenzi kinachotawala ni kuhamishwa. Kufungasha hukosekana. Afungashaye huwa na muda, huchagua kitakachotangulia na kitakachofuata, huweka chungu cha kupikia juu kabisa kwa kuwa ndicho kitakachohitajika kwanza jioni ile. Anayehamishwa hubeba kilicho karibu. Ndiyo maana mada inayoonekana nyepesi, ya jinsi ya kufunga vyombo, haiwezi kutenganishwa na swali la nani hupanga tarehe ya kuondoka. Kanuni za utumishi wa umma zimelitambua hilo kwa upande wa watumishi, ambao hulipiwa gharama za kusafirisha mizigo yao, na serikali ilipohamia Dodoma kuanzia mwaka 2016, ikitekeleza uamuzi wa mwaka huohuo wa 1973, wizara zilihama kwa awamu. Mkulima wa 1974 hakupewa awamu.

Majina ya mifuko

Kamusi za lugha moja za Kiswahili, kuanzia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimehifadhi mengi ya maneno haya, na hiyo ni huduma kubwa. Hata hivyo kanda, pakacha, tumbi, dohani na tenga huelezwa kwa kifupi mno, na tofauti zake hufifia kwa kuitwa zote aina ya kikapu. Kanda ni jembamba na refu, pana chini kuliko mdomoni, ili nafaka isimwagike. Pakacha hufumwa kwa kuti bichi dakika chache kabla ya kutumika na hutupwa baada ya safari moja. Dohani ni refu, la kupelekea matunda sokoni. Tenga lina uwazi ili samaki na kuku wapate hewa. Hivi ni vyombo vinne vya kazi nne, na msukaji wa Pemba au Tanga hawezi kuvichanganya zaidi ya seremala anavyoweza kuchanganya patasi na randa. Kazi ya kukusanya maelezo hayo kutoka kwa wasukaji wenyewe, wengi wao wakiwa wanawake wazee, haiwezi kusubiri toleo lijalo la kamusi. Kila mwaka mikono iliyoyajua hupungua.

Jambo hilo lina haraka pia kwa sababu mifuko ya plastiki, iliyoviua vikapu hivi sokoni, nayo imepigwa marufuku: Zanzibar mwaka 2006, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Kikapu kimerudi sokoni bila kurudi na jina lake. Wauzaji wengi vijana husema kikapu tu, au mfuko mbadala, jina lililotoka ofisini.

Hata hivyo watu hawajaacha kubuni. Mfuko mkubwa wa nyuzi za plastiki wenye mistari ya mraba myekundu na ya buluu, utokao China, huitwa Afrika Magharibi kwa jina linalokumbusha kufukuzwa kwa Waghana kutoka Nigeria mwaka 1983. Watanzania waliuita shangazi kaja. Jina hilo linamwonyesha mama wa makamo akishuka kwenye basi la mkoani na mfuko mkononi, na ndani yake mna unga, maharage, mihogo iliyokaushwa na nguo za mtoto, kwa mpangilio ambao yeye peke yake anaujua. Wanaohama vyumba vya kupanga huutumia kuliko kontena lolote. Ni mwepesi, una zipu, hukubali godoro la mtoto na blanketi na sufuria kwa pamoja, na mzigo ukishatolewa hukunjwa mara nne na kuingia chini ya kitanda, ambako huwekewa nguo za msimu wa baridi hadi mwenye nyumba apandishe kodi tena.